Sura ya Sita: Mkono wa Mzee Ambindwile

"Ooo, mgeni wetu! Ugonile! Karibu, karibu sana!"

Mzee Ambindwile alinipa mkono mbele ya kanisa zima. Hakuishia hapo. Alinishika kwa mikono yote miwili, akanitikisa kama anachota maji ya bomba la kupampu, akanitazama usoni na kutabasamu mpaka magego yakaonekana. Watu waliokuwa wanatoka ibadani walisimama kutuangalia. Kama wewe si mtu wa Rungwe ungesema, jamani, huyu mzee anampenda huyu binti kama mwanae wa kumzaa!

Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana kwa Wanyakyusa, baba mkwe hampi mkono mkamwana wake. Hamtazami usoni. Hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzie apite. Hiyo ndiyo heshima yao, ndivyo mzee anavyoonyesha kwamba huyu ni mke wa mwanangu. Kwa hiyo kila Mzee Ambindwile aliponishika mkono mbele za watu, alikuwa anatangaza kwa sauti kubwa kuliko mchungaji: huyu si mkamwana wangu, na hatakuwa!

Na mlango huo nilimfungulia mwenyewe. Siku mwanae, Lugano wangu, aliponipeleka kwao Lupepo mara ya kwanza, nilimkuta mzee amekaa barazani. Mimi nimezaliwa kambini, kwenye nyumba za wachuma chai, mama yangu alitoka Makete kuja kuchuma. Kambini mtoto mwenye adabu anamfuata mkubwa alipo, anapiga goti, anatoa mkono. Basi nikaenda, nikapiga goti, nikatoa mkono. Nyuma yangu nikasikia Lugano akivuta pumzi kama mtu aliyeungua na chai. Mzee akautazama mkono wangu. Kisha akaupokea, akacheka.

Tangu siku hiyo hajauacha.

"Pole," Lugano aliniambia tulipokuwa tunashuka kutoka kanisani. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yake, yale ya kuomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Macho yake hayo jamani! Mtu akikutazama hivyo unasahau hata ulikuwa umenunia nini.

"Nimezoea," nikasema.

"Yudi, kuna lingine."

"Sema."

"Jumanne anakwenda Matwebe."

"Kuna nini Matwebe?"

Akapiga teke jiwe. "Kwa kina Imakulata. Anakwenda kuniulizia mchumba."

Nikasimama. Yeye akaenda hatua kadhaa ndipo akagundua yuko peke yake.

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia sitaki! Akasema Gidion naye alisema hataki, akapanda basi kwenda Dar, mpaka leo mama anambusu kwenye kioo cha simu." Gidion ndiye kaka yake mkubwa. "Anasema wewe ukipata hicho cheti chako utakwenda Dar, na mimi nitakufuata mbio na begi mgongoni. Watoto wote wawili watakuwa wa kwenye simu."

"Lakini Lugano, si ulimwambia? Kazi yenyewe naifanyia hapa hapa! Wale wa kampuni wamesema nikae popote, mradi niwe na cheti na mtandao."

"Nilimwambia. Alicheka mpaka akakohoa. Eti kazi gani ya Dar inafanyiwa Lupepo, labda kuchuma chai."

Hapo nilitaka kulia, ila kitu kingine kikanijia kichwani ghafla.

"Umesema Jumanne?"

"Jumanne asubuhi."

"Lugano! Jumanne asubuhi ndio mtihani wangu!"

*

Ngoja niwaambie huo mtihani. Ni cheti cha mwanzo kabisa cha klaudi, yaani zile kompyuta kubwa za mbali ambazo makampuni yanakodi badala ya kununua zao. Kambini walinicheka mpaka basi. "Yudi anasomea mawingu! Mawingu si yanaingia hadi chumbani kwako bure?" Nikawa nacheka nao, halafu nikifika ndani naendelea kusoma.

Nilisomea dukani kwa Lugano, Ibighi, kwenye steshenari yake. Mteja akija kutoa kopi naegemea pembeni, akiondoka narudi kwenye video. Lugano hakuijua klaudi hata kidogo, ila alinisomea maswali kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na nikikwama ananigeuzia kwenye chai.

"Kampuni imepata wateja wengi ghafla mwezi mmoja, kisha wanapungua. Klaudi inafanyaje?"

"Inaongeza kompyuta... halafu..."

"Yudi. Mvua zikikolea chai ikachipua kwa fujo, kiwandani wanafanyaje?"

"Wanaongeza vibarua."

"Kiangazi?"

"Wanawapunguza. Aaa! Inatanuka na kusinyaa!"

"Haya, usalama ni kazi ya nani? Ya mwenye klaudi au ya mteja?"

"Ya wote. Kiwanda kinalinda mashine, mchumaji analinda kikapu chake."

"Mke wangu ana akili huyu!" alipiga makofi, mama mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akashtuka.

Mitihani ya kujaribu nilifeli. Nikarudia, nikafeli tena. Mara ya tatu nilitupa peni nikasema basi, naenda kuchuma chai na mama. Lugano hakubishana. Aliiokota ile peni, akaifuta kwenye shati, akaniwekea mkononi na kuufunga mkono wangu kwa wake. "Rudia," akasema. Neno moja tu. Nikarudia.

Sasa shida ilikuwa sehemu ya kufanyia. Mtihani wenyewe ni wa kwenye mtandao, msimamizi anakutazama kupitia kamera. Uwe peke yako, mlango umefungwa. Mtu asiingie. Usiongee, usitikise hata midomo. Kambini kuta ni mbao, jirani akipiga chafya unamwitikia. Dukani kuna mashine ya kusaga ukuta wa pili.

"Chumba changu," Lugano akasema pale pale njiani. "Cha uani, cha matofali. Mzee atakuwa Matwebe."

"Yaani mzee akiwa anakutafutia mchumba, mimi niko nyumbani kwake natafuta kazi ya kukuoa?"

"Kunioa?"

"Kukupata wewe! Usinichekeshe, nina hasira."

Akacheka hata hivyo. Nami nikacheka. Lakini ndani ya kifua niliapa: Jumanne sitoki kwenye kile chumba bila cheti.

*

Jumanne Lupepo iliamka na ukungu mpaka migomba ya karibu ikawa kama vivuli vya watu. Mama Gidion, mama yake Lugano, ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wangu, alishatoa kila kitu ukutani: kalenda, picha ya timu ya mpira, hadi suruali za mwanae kwenye msumari.

"Hao wazungu wa kompyuta wasije wakasema suruali inakupa majibu," akasema. "Nenda mwanangu. Ukitoka humo utakuta ndizi na maziwa."

Mtandao nao ulikuwa na kituko chake. Kwa Mzee Ambindwile unashika sehemu moja tu, nje ya dirisha la chumba cha Lugano, na simu lazima iwe juu. Basi Lugano akapanda kwenye stuli nje ya ukuta, akawasha hotspoti, akainua simu juu ya kichwa, dirisha limefungwa kati yetu. Kabla sijalifunga tulitazamana. Aliinua mkono wa pili, akaufunga ngumi, kama ameshika peni.

Msimamizi akajitokeza kwa maandishi pembeni ya kioo. Onyesha kuta. Onyesha chini ya meza. Onyesha mikono. Ukiongea au mtu akiingia, mtihani unafutwa. Tayari?

Tayari.

Nikaanza. Swali la kwanza nikalijua, la pili pia. Likaja lile la kutanuka na kusinyaa, nikawaona vibarua wakipanda tela la kwenda shambani, nikabofya. Likaja la kikapu, nikabofya. Moyo ukaanza kutulia. Nikasema kimoyomoyo, Yudith binti wa kambini, leo unaweza!

Ndipo nikasikia kikohozi.

Kile kikohozi nakijua. Kinapanda njia kabla ya mwenyewe.

"Gwe Lugano! Unafanya nini juu ya stuli?"

"Ssss! Baba, umerudi?"

"Nimekuta wako msibani, nyumba imefungwa. Unaninyamazisha mimi? Umeinua simu unamwonyesha nani? Na humo ndani yumo nani?"

"Yumo Yudith, baba."

Nikasikia gambuti zake zikizunguka nyumba. Pwa, pwa, pwa kwenye matope. Zikasimama mlangoni kwangu.

"Mgeni!" akaita, kwa ile furaha yake ya kanisani. "Mgeni wetu! Ugonile!"

Jamani. Mimi nimelelewa hivi: mkubwa akikusalimia unaitikia hata kama una ugali mdomoni. Salamu ilinipanda kooni yenyewe, nikaimeza. Nikayakaza macho kwenye kioo. Swali lilikuwa linahusu kutunza nakala ya pili ya kumbukumbu mji mwingine, na sikuona hata herufi.

"Mgeni! Nakusalimia! Leo mkono wangu hautaki?"

Nikaona kitasa kikishuka. Taratibu. Nikaona mwanga mwembamba ukianza kuingia kwenye ufa wa mlango.

"Baba Gidion!" Ilikuwa sauti ya Mama Gidion, ya chini lakini ya kukata. "Ukifungua huo mlango, kuanzia leo unajipikia."

Kitasa kikarudi juu.

Pembeni ya kioo maandishi yakatokea. Nasikia sauti ya mtu. Uko peke yako?

Nikaandika haraka: niko peke yangu, ni watu wa nje.

Sauti ikisikika tena, nitasitisha mtihani.

Nilitaka nipige kelele nimwambie mzee, tafadhali baba, nakuomba, nichukie kesho! Sikuweza hata kupumua kwa nguvu. Nikafanya nilichoweza. Nikalisoma lile swali upya, neno kwa neno, nikajibu. Nikaenda la pili yake. Wakinifukuza, watanifukuza najibu.

Nje, chini ya dirisha, kukaanza kunong'ona. Kunasikika nyie! Neno moja moja lilikuwa linapenya kwenye upenyo wa dirisha.

"Yuko na nani humo?"

"Peke yake, baba. Anafanya mtihani. Kuna watu wanamwangalia kwenye kompyuta, wako mbali huko, nje ya nchi."

"Wanamwona? Akiwa humu kwangu?"

"Hicho chumba tu."

"Na angenijibu?"

"Wangemfutia. Kila kitu kingepotea, na kazi yenyewe."

Nikasikia pumzi ya mzee karibu kabisa na upenyo, na jina langu, ambalo hajawahi kuliita hata siku moja.

"Yudith."

Nikabofya jibu. La pili. Chozi likashuka hadi kwenye kidevu, sikulifuta, maana mkono lazima uonekane mezani.

"Anajua ni mimi?" mzee akanong'ona.

"Anajua."

"Na hatoki."

"Hatoki, baba. Huyo akishaamua ameamua. Kama wewe."

"Sasa huu mtihani... haukuwa wa kuufuata Dar?"

"Umekuja wenyewe hapa."

"Lupepo?"

"Si huo unaendelea, baba."

"Na hiyo kazi mnayosema?"

"Inakuja hivyo hivyo. Mama anasonga ugali jikoni, Yudi yuko humu anafanya kazi ya Dar, mimi naenda dukani Ibighi narudi. Hakuna anayepanda basi."

Nikajibu maswali mawili mazima. Mzee aliponong'ona tena sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Gidion hakuniambia kama kuna kazi za hivi."

"Gidion alipoondoka nasi hatukuzijua, baba."

Na hapo, kama vile siku ilikuwa imetumwa kunijaribu, gari la wanunuzi wa ndizi likaanza kupanda barabara ya chini. Mnazijua honi zao. Wanapiga wimbo mzima!

"Mungu wangu, honi!" Lugano akanong'ona. "Baba, shika!"

"Nishike nini?"

"Simu! Iinue hivi hivi, usiishushe!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka atoke!"

Nikasikia mtu akiruka chini, miguu ikikimbia kwenye matope, mtu akiteleza, akianguka, akiinuka. Stuli ikalia kwa uzito mwingine. Kwenye kioo changu swali likaganda. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikazunguka!

"Baba Gidion, pandisha mkono," Mama Gidion akanong'ona.

"Nimepandisha."

"Zaidi."

"Mimi nguzo ya umeme?"

"Pandisha!"

Kiduara kikapotea. Swali likarudi. Honi ikakatika katikati ya wimbo.

Baadaye kidogo nikasikia mtu akija uani, nadhani mmoja wa wale wa gari la ndizi, maana alianza kwa sauti ya sokoni: "Mzee Amb..." Akakatizwa hapo hapo na mnong'ono mkali kama wa nyoka.

"Nyamaza! Mkamwana wangu yuko kwenye mtihani."

Mkamwana wangu!

Nyie. Nyie! Nilitaka nicheke, nilie, niruke juu ya kitanda cha Lugano. Msimamizi akaandika: tafadhali tazama kioo. Nikatazama kioo. Nikaukaza uso wangu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na chini ya meza vidole vya miguu vikawa vinacheza vyenyewe.

Nikasikia Mama Gidion akiuliza taratibu, "Na Matwebe?"

"Matwebe nitapeleka rambirambi tu."

Maswali ya mwisho niliyapiga moja moja, bila haraka. Nilirudia yale niliyoyatilia shaka. Nikawaza mama yangu yuko mtelemkoni na kikapu mgongoni, anachuma majani mawili na chipukizi, haruki mche hata mmoja. Nikamaliza. Nikakagua. Nikabofya.

Kioo kikawa cheupe.

Kisha neno moja likajitokeza. Nimefaulu.

Sikupiga kelele. Nilisubiri msimamizi aage, kamera izimike, nifunge kompyuta. Ndipo nikafungua mlango.

Ukungu ulikuwa umeondoka. Lugano alikuwa pale uani, tope hadi kifuani, ananitazama hapumui. Nikatikisa kichwa kukubali, akapiga magoti pale pale kwenye tope. Mama Gidion akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Na kwenye stuli, pembeni ya dirisha, alisimama Mzee Ambindwile, kofia kichwani, mkono juu.

Furaha ilinibeba. Nilisahau kila kitu. Nilimwendea mbio na mkono nimeunyoosha, nimshukuru, nimwambie ndaga fijo baba. Yeye akasikia hatua zangu, akageuka haraka akatazama ukuta. Kwa mkono ule mwingine akaivuta kofia ikamfunika uso. Akashuka kwenye stuli kwa kupapasa, bila kugeuka, na bila kuishusha ile simu, akatoka njiani mwangu, akaingia kwenye migomba.

Nikasimama. Mkono wangu ukabaki hewani.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mzee Ambindwile hakunipa mkono.

Lugano aliinuka akaja kusimama ubavuni mwangu, ananuka tope na mvua. Sote tukawa tunatazama kule migombani. Mzee alikuwa ametupa mgongo, ametulia kimya kati ya majani, simu imeng'aa juu ya kichwa chake.

"Yudi," Lugano akanong'ona. "Umeona?"

"Nimeona." Nilifuta machozi kwa kiganja. "Nenda kamwambie mtihani umeisha, ashushe mkono."

"Si umwambie wewe? Uko karibu."

"Siwezi, bwana," nikasema. "Yule ni mkwe wangu."